Chupa ya Soda kati ya Kumbukumbu na Ukumbusho

1. Utangulizi

Kati ya vitu ambavyo karne ya 20 ilivitengeneza kwa wingi, chupa ya soda ni miongoni mwa vile vilivyoshikwa na mikono mingi na kutazamwa na macho machache. Ilinunuliwa, ikanywewa, ikarudishwa dukani, ikaoshwa, ikajazwa tena. Na ilipovunjika, vipande vyake vilifagiliwa bila ya mtu kujali. Leo hali imebadilika. Nchini Marekani na Uingereza chupa kuukuu za soda, pamoja na glasi na vikombe vya kunywea soda, vinakusanywa kwa bidii kubwa. Vinatungiwa vitabu vya bei, vinauzwa kwa mnada, vinapangwa katika makabati ya vioo. Wakusanyaji hudai kwamba wanachokihifadhi si chombo tu, bali ni historia. Dai hilo ndilo linalochunguzwa katika uhakiki huu.

Lugha ya Kiswahili inampa mhakiki kipimo kinachofaa kazi hiyo. Kutokana na kitenzi kumbuka yamepatikana majina mawili yanayokaribiana kwa sauti lakini yanayotofautiana kwa kazi. Kumbukumbu ni kile kilichowekwa ili kisipotee: hati, orodha, taarifa ya mkutano. Ukumbusho umetokana na kumbusha, yaani kitenzi chenye maana ya kusababisha. Ni kitu kinachomfanya mtu akumbuke, kinachomwamsha aliyesahau na kumtaka aseme anachokijua.

Tofauti hiyo haikubuniwa darasani. Katika miaka ya 1970, Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walipochunguza picha za wachoraji wa mijini katika jimbo la Shaba, ambalo pia limejulikana kama Katanga, walikuta wenyeji wakizithamini picha hizo kwa sababu ya ukumbusho wake. Mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alifuata njia hiyo hiyo alipochora, katika miaka ya 1973 na 1974, mfululizo mzima wa historia ya nchi yake. La kuzingatia ni kwamba picha za ukumbusho hazikuwa adimu. Mada moja, kwa mfano ile ya Colonie belge, ilichorwa mara nyingi na mikono mingi, ikauzwa kwa bei ndogo, ikatundikwa sebuleni. Thamani yake haikupungua kwa sababu jirani naye alikuwa nayo. Kipimo hicho, kilichotoka Lubumbashi, kinafaa sana kutumiwa juu ya chupa ya soda, kwa kuwa nayo ni kitu cha wengi.

2. Jinsi chupa inavyosomwa

Haki itendeke kwanza: wakusanyaji ndio waliofundisha watu kuisoma chupa. Watu hawa, wengi wao wasio wanachuo, walichimba katika majalala ya kale, wakalinganisha maelfu ya vipande, wakaweka misingi ambayo hata wachimbaji wa mambo ya kale wanaitumia leo.

Msingi wa kwanza ni shingo. Tatizo kuu la soda tangu mwanzo lilikuwa ni kuizuia gesi isitoroke. Jacob Schweppe alianza biashara ya maji yenye gesi mjini Geneva mwaka 1783, na kuihamishia London mwaka 1792. Kizibo cha koki kilitosha mradi kibaki kimelowa. Kikikauka, husinyaa na gesi hutoka. Ndiyo sababu katika karne ya 19 zilienea chupa zenye kitako cha mviringo kama yai, ambazo haziwezi kusimama: zililazwa ubavu ili kinywaji kikiloweshe kizibo. Katika miaka ya 1870 Mwingereza Hiram Codd alitia gololi ya kioo ndani ya shingo, ikasukumwa juu na gesi yenyewe hadi kwenye pete ya mpira. Mwaka 1879 Charles Hutchinson wa Chicago alileta kizibo cha waya na mpira, na mwaka 1892 William Painter wa Baltimore akabuni kizibo cha bati chenye meno, ambacho hadi leo kinafunguliwa katika kila baa ya Lubumbashi na ya Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu akiiona shingo tu, anaweza kuikadiria chupa umri wake.

Msingi wa pili ni mshono. Chupa iliyopulizwa kwa mdomo ndani ya kalibu huwa na mshono unaokoma chini ya mdomo wake, kwa kuwa mdomo ulimalizwa na fundi kwa mkono. Baada ya mashine ya Michael Owens kuanza kazi mjini Toledo, katika jimbo la Ohio, mwaka 1903, mshono ulipanda hadi ukingoni. Kidole gumba kikipita juu ya shingo, kinagusa mpaka kati ya zama mbili za kazi. Mkusanyaji huutumia mshono huo kukadiria tarehe. Lakini mshono huo huo unasimulia pia habari ya watoto waliofanya kazi usiku na mchana katika viwanda vya kioo vya Marekani, wakibeba chupa za moto kutoka kwa mpulizaji hadi kwenye tanuri la kupoozea. Mashine ya Owens ilichangia kuwatoa watoto hao viwandani. Habari hii imo ndani ya kioo, ila haijitokezi mpaka iulizwe.

Msingi wa tatu ni maandishi yaliyoinuka juu ya kioo. Hapa mfano ulio bora ni Coca-Cola. Kinywaji hicho kilianza kuuzwa Atlanta mwaka 1886, kikimiminwa katika glasi kwenye kaunta za maduka ya dawa kwa senti 5. Aliyekitia chupani mara ya kwanza, mwaka 1894, alikuwa mfanyabiashara wa peremende, Joseph Biedenharn wa Vicksburg, Mississippi. Naye alitumia chupa za Hutchinson zenye jina la duka lake mwenyewe. Chupa ya kwanza ya kinywaji kinachojulikana kuliko vyote duniani haikuwa na jina la kinywaji hicho. Mwaka 1899 mawakili wawili wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walipata haki ya kukitia chupani karibu nchi nzima kwa mkataba wa dola 1. Viwanda vikazuka katika miji mingi, kila kimoja na chupa yake, na waigaji nao wakaongezeka.

Ili kuwashinda waigaji, mwaka 1915 yalifanyika mashindano ya kutafuta chupa itakayotambuliwa hata gizani kwa kuishika tu, au hata ikiwa imevunjika chini. Kampuni ya Root Glass ya Terre Haute, Indiana, ndiyo iliyoshinda. Mchoraji wake, Earl Dean, alipata umbo hilo kwa kutazama picha ya tunda la kakao katika ensaiklopedia, ingawa kakao haimo katika kinywaji hicho. Hataza ilitolewa tarehe 16 Novemba 1915 kwa jina la msimamizi wake, Alexander Samuelson. Chupa ya majaribio ilikuwa na tumbo pana mno, haikutulia juu ya mkanda wa mashine, ikabidi ipunguzwe kiuno kabla ya kutengenezwa kwa wingi.

3. Kipimo cha mkusanyaji na kasoro yake

Katika soko la wakusanyaji, chupa hupimwa kwa mambo mawili: uadimu na ukamilifu. Iliyo adimu hupanda bei. Isiyo na mkwaruzo hupanda zaidi. Mwaka 2011 mojawapo ya chupa za majaribio za mwaka 1915, pamoja na mchoro wake, iliuzwa Beverly Hills kwa dola 240,000. Bei hiyo inaeleweka kwa mantiki ya soko. Hata hivyo yafaa kuangalia kilichonunuliwa. Chupa hiyo ni ile ambayo haikuingia kazini. Haikupelekwa dukani, haikurudishwa, haikuoshwa. Mamilioni ya chupa zilizofanya kazi hiyo zina thamani ndogo kwa sababu hiyo hiyo, kwamba zilifanya kazi.

Chupa ya kurudishwa ina alama zake. Katika sehemu zake nene, mabegani na karibu na kitako, hutokea ukanda mweupe wa kukwaruzika, ambapo chupa ilisuguana na wenzake ndani ya kreti na juu ya mkanda wa kiwandani. Kila safari huongeza kidogo. Ukanda huo ndio wasifu wa chupa. Hauna jina la mtu, lakini umeandikwa na wote walioibeba. Kwa mkusanyaji, ukanda huo ni dosari. Kuna hata mashine maalumu za kuisugua chupa kuukuu kwa vipande vya shaba na unga wa kung'arishia, izungushwe siku kadhaa hadi mikwaruzo na ukungu wa ardhini vitoweke. Chupa hutoka ikiwa inang'aa kama siku ilipozaliwa. Inayodaiwa kuwa ni kazi ya kuhifadhi historia, kwa hakika ni kazi ya kuifuta sehemu yake moja.

Inawezekana kujibu kwamba chupa safi husomeka vizuri zaidi, na kwamba maandishi yakiliwa na mikwaruzo hakuna kitakachojulikana. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linahusu maandishi ya mwenye kiwanda peke yake. Chupa ina waandishi wawili: aliyeitengeneza na walioitumia. Kipimo cha ukamilifu humpa sauti wa kwanza na kumnyamazisha wa pili.

Mifano miwili yatosha kuonyesha hasara hiyo. Chupa za Codd zilizobaki nzima ni chache kwa sababu, pamoja na nyingine, watoto walizivunja ili wapate gololi. Katika orodha ya bei jambo hili hutajwa kama sababu ya uadimu. Watoto wenyewe na mchezo wao hawana nafasi. Vilevile chupa za Coca-Cola za Marekani zilikuwa na jina la mji chini ya kitako. Mkusanyaji hutafuta mji mdogo ambao jina lake ni adimu. Lakini wanywaji walikuwa na mchezo wao: waliokunywa pamoja walipindua chupa zao, na ambaye chupa yake ilitoka mji wa mbali ndiye aliyeshinda, au ndiye aliyeepuka kulipa. Mchezo huo uliwezekana kwa sababu chupa zilitembea na kuchanganyika. Chupa iliyofungiwa kabatini haiwezi kuuchezesha tena, na asiyeambiwa hataubuni kwa kuitazama.

4. Glasi na kikombe cha karatasi

Kasoro hiyo inakuwa nzito zaidi inapofika zamu ya glasi. Glasi za kaunta za soda hupendwa sana na wakusanyaji, hasa zile zenye mstari mdogo karibu na kitako, ulioonyesha kiasi cha shira cha kutiwa kabla ya maji yenye gesi. Mstari huo huelezwa kwa makini katika vitabu. Jambo lisiloelezwa ni nani aliyeruhusiwa kuishika glasi hiyo.

Katika majimbo ya Marekani yaliyotenganisha watu kwa rangi, mteja Mweusi aliweza kununua dawa, sabuni na daftari katika duka lile lile, lakini hakuweza kukaa kwenye kaunta yake. Mahali pengi, kama alitaka soda, alipewa katika kikombe cha karatasi akanywe nje. Kikombe cha karatasi kilikuwa kimeenea tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa hoja ya afya: mwaka 1909 jimbo la Kansas lilipiga marufuku kikombe cha kuchangia hadharani, ili kuzuia maambukizo. Kwenye kaunta za ubaguzi, chombo hicho cha afya kilipewa kazi nyingine, yaani kumtofautisha anayekaa na anayeondoka.

Tarehe 19 Agosti 1958, Clara Luper, mwalimu wa historia mjini Oklahoma City, aliingia katika duka la dawa la Katz pamoja na watoto na vijana 13. Walikaa kwenye kaunta wakaagiza Coca-Cola 13. Hawakuhudumiwa. Walirudi tena, wakakaa, wakatukanwa, wakavumilia. Na baada ya siku chache wenye duka walikubali kuwahudumia watu wote, si hapo tu bali hata katika matawi yao ya majimbo mengine. Ilikuwa mwaka mmoja na nusu kabla ya wanafunzi wanne kukaa kwenye kaunta ya Greensboro, North Carolina, tarehe 1 Februari 1960, tukio ambalo limeandikwa zaidi vitabuni.

Hivyo glasi ya mwaka 1958, iliyo safi na yenye mstari wake wa shira, ina historia mbili. Ya kwanza imechapwa juu ya kioo. Ya pili haikuacha hata mkwaruzo mmoja, kwa kuwa mkono uliokatazwa hauachi alama. Na kikombe cha karatasi, ambacho kingeweza kutoa ushahidi, kilitupwa siku hiyo hiyo. Hapa panadhihirika kwamba chombo peke yake, hata kikihifadhiwa kwa uangalifu wote, hakitoshi. Bila ya maneno ya waliokuwapo, glasi hiyo ni kumbukumbu ya kampuni tu.

5. Wasanii watatu mbele ya chupa moja

Wasanii nao wameishika chupa hiyo hiyo, na kila mmoja ametoa jibu lake kwa swali linalojadiliwa.

Mwaka 1962 Andy Warhol alichora Green Coca-Cola Bottles, picha yenye chupa 112 katika safu 7. Wengi huitaja kama sifa, au kejeli, ya vitu vinavyofanana. Anayeitazama kwa makini ataona kwamba chupa hizo hazifanani: rangi imekolea hapa na kufifia pale, nyingine zimejaa na nyingine zimepungua. Warhol alionyesha kwamba hata katika wingi wa kiwandani kila kitu kina hali yake. Lakini katika picha yake hamna mtu. Tofauti zimeonekana, aliyezisababisha hakuonekana.

Mwaka 1980 Jamie Uys wa Afrika Kusini alitoa filamu The Gods Must Be Crazy. Rubani anatupa chupa tupu kutoka angani, nayo inaangukia Wasani wa Kalahari ambao, kwa mujibu wa filamu, hawajapata kuona kitu cha namna hiyo. Wanaitumia kutwangia, kulainishia ngozi na kupigia muziki, hadi wanaanza kuigombea. Filamu hiyo inachekesha, na katika matumizi hayo mengi ya chupa kuna akili ya kweli. Kosa lake ni kuufanya ujinga wa historia kuwa ndio sifa ya watu. Mwaka huo huo wa 1980, John Marshall na Adrienne Miesmer walionyesha katika filamu yao juu ya mwanamke aitwaye N!ai hali halisi ya Wasani wa Tshumkwe, Namibia: makazi ya serikali, mishahara, magonjwa, askari, na hata wapiga picha wa filamu ya Uys wakiwa kazini. Watu waliotakiwa waigize mshangao mbele ya chupa walikuwa wanaishi katika dunia ya maduka na fedha. Uys aliipa chupa nguvu ya kuanzisha historia mahali ambapo historia ilikuwa imeanza zamani. Huo ni ukusanyaji wa aina yake: mtu naye anawekwa kabatini, bila mkwaruzo.

Jibu la tatu lilitoka Brazil, chini ya utawala wa kijeshi uliodumu tangu 1964 hadi 1985. Mwaka 1970 Cildo Meireles alichukua chupa za Coca-Cola zilizokuwa zikirudishwa, akaongeza juu yake maandishi yake ya upinzani kwa rangi nyeupe kama ile ya nembo, kisha akazirudisha dukani. Chupa ikiwa tupu, maneno hayakuonekana kwa urahisi. Ilipojazwa kinywaji cheusi kiwandani, yalisomeka. Kiwanda chenyewe kiliyabeba hadi kwa mnywaji. Meireles alielewa kile ambacho kabati haliwezi kukionyesha: kwamba uzito wa chupa hiyo ulikuwa katika mzunguko wake, katika kwenda na kurudi. Ni kweli kwamba nakala za kazi hiyo sasa zimetulia katika makumbusho, mojawapo ikiwa Tate ya London, na hazizunguki tena. Lakini hata hapo zinamlazimisha mtazamaji aulize zilikopita. Kwa kipimo kilichowekwa mwanzoni, za Meireles ndizo zilizokaribia zaidi ukumbusho.

6. Hitimisho

Suala hili linawahusu pia wasomi wa Kongo. Katika Kifaransa cha Kongo, chupa tupu ya kurudishwa huitwa vidange, neno linalotokana na kitenzi chenye maana ya kumwaga kilichomo. Na soda yenyewe huitwa sucré, kwa utamu wake. Msamiati wa Mwambao una soda, glasi na bilauri. Maneno hayo yanaonyesha njia zilizopita bidhaa: bilauri imetoka upande wa Uajemi na Uarabuni, glasi ni ya Kiingereza, vidange imekuja na Wabelgiji. Mtu atakayekusanya chupa bila ya kukusanya maneno yake atakuwa ameshika nusu ya ushahidi.

Muda nao hauko upande wa mtafiti. Chupa ya plastiki, iliyopewa hataza nchini Marekani mwaka 1973, kwa kawaida hairudi dukani kujazwa. Haina ukanda mweupe wa kusuguana, mahali pengi haina dhamana ya kurudishwa, haina mwanamke anayehesabu chupa tupu kabla ya kumtuma mtoto dukani. Na chupa ya kioo iliyochoka haibaki: kiwanda huivunja na kuiyeyusha. Kwa hiyo zitakazosalia ni zile zilizochaguliwa, na kipimo cha kuchagulia ndicho kitakachoamua historia gani itasalia.

Lubumbashi ina mazoea yanayofaa kuigwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Mémoires de Lubumbashi uliwaunganisha watafiti wa Chuo Kikuu na wakazi wa mji, ili wakazi wenyewe waseme yale waliyoyaishi. Njia hiyo yaweza kutumiwa kwa kitu kidogo kama chupa. Mwanafunzi achukue chupa iliyokwaruzika, si iliyo safi; aipeleke Kenya, Katuba au Kamalondo; aiweke mezani mbele ya wazee; aandike kila neno linalotoka: nani aliinywa siku ya harusi na nani siku ya matanga, mgeni gani alinunuliwa na mgeni gani alipewa maji, nani alizuiwa kuketi wapi wakati wa ukoloni. Kisha chupa ihifadhiwe pamoja na maneno hayo, na mikwaruzo yake isiguswe.

Kiswahili kimekwisha kutoa hukumu yake katika jina lenyewe. Nyumba ya kuhifadhia vitu vya kale haikuitwa ghala wala hazina, bali imeitwa makumbusho, na jina hilo limetokana na kumbusha. Chupa inayong'aa kabatini na isiyomfanya mtu yeyote aseme neno bado haijaistahili nyumba hiyo.